Mstari wa Migebuka

Haya ni kweli tupu, na ninayaandika nikiwa nimekula, nimeshiba na sina homa. Naapa kwa jino langu la dhahabu, ambalo kwa sasa sinalo lakini nilikuwa nalo. Mwenye shaka na aje Kasense aulize kwa Mzee Wilibrodi, fundi simu mstaafu, ndiye mimi; ataelekezwa hata na mbwa.

Nimewahi kusimulia kwamba mwaka fulani baridi ya Sumbawanga ilikaza hata jogoo akawika alfajiri, sauti ikaganda hewani, tukaja kuisikia adhuhuri jua lilipoiyeyusha. Hilo nalo ni kweli, ila si la leo. La leo ni habari ya Sajenti Avelina na kompyuta ya ushirika. Sehemu kubwa nimesimuliwa na wenyewe. Sehemu ya mwisho nilikuwepo, kwa bahati mbaya.

Sajenti Avelina alifika ofisi ya Ushirika wa Mbegu Itumba, mjini Sumbawanga, Jumatatu asubuhi, sweta juu ya sare. Akakuta watu watatu wamesimama pembe tatu za chumba, na katikati yao kompyuta imewashwa. Hakusalimia kwanza.

"Nani ameigusa tangu Ijumaa?"

"Mimi," alijibu Ambakisye, meneja, mtu wa Mbeya mwenye tai hata siku za sokoni. "Nimeizima na kuiwasha mara kadhaa. Nilidhani itarudisha."

"Imerudisha?"

"Haijarudisha."

"Basi usiiguse tena. Hamjambo?"

Wakasema hawajambo, ingawa walionekana kinyume.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Ijumaa alasiri kumbukumbu zote za wakulima wa ushirika zilifutika: nani analima mbegu gani ya ulezi, nani maharage, shamba lipi, msimu upi. Bila kumbukumbu hizo mbegu haithibitishwi, na mbegu isiyothibitishwa ni chakula tu, inapikwa uji. Ufutaji ulitoka kwenye jina la Suma, karani wa takwimu, binti wa Tukuyu. Bodi ilikuwa inakaa Jumatano. Ikiridhika kwamba Suma alifuta kwa makusudi, kazi hana, na faili linakwenda mahakamani.

"Makusudi yapo," Ambakisye alisema. Alimvuta Avelina dirishani na kushusha sauti, lakini chumba kilikuwa kidogo, kila mtu akasikia. "Alhamisi nilimnyima likizo. Ijumaa kumbukumbu zimekwenda. Hesabu hiyo, Afande, hata mimi naiweza."

"Tutaona kama jibu ni hilo," alisema Avelina, akavuta kiti mbele ya Suma.

"Ulinyimwa likizo?"

"Nilinyimwa."

"Ulikasirika?"

"Nilikasirika."

"Ukafanya nini?"

"Nikanywa chai."

"Na Ijumaa?"

Suma alikuwa amefunga mikono mapajani kama mtu aliye kanisani. "Kompyuta ilianza kulalamika kwamba nafasi imejaa. Nikaandika msaada, ikaniletea vifupisho vyangu. Nikaona kimoja kimeandikwa fagia, husafisha takataka. Nikaandika fagia."

"Ulikuwa umesimama folda gani?"

"Ya wakulima. Ndiko nilikokuwa nafanya kazi."

"Uliwahi kuitumia amri hiyo kabla?"

"Hata siku moja."

"Kompyuta ikasemaje?"

"Ilisema upesi upesi kwamba kuna kitu hakipo, kisha ikanyamaza. Nikatazama nafasi, ikawa nyingi ajabu. Nikafurahi, Afande." Akaitazama kompyuta. "Nilifurahi mpaka nilipotafuta mkulima wa kwanza."

Kabla hajagusa kitufe, Avelina aliipiga skrini picha, akaunganisha kifaa chake na kunakili diski nzima. Kazi hiyo ilichukua muda. Ambakisye alipotaka kuleta maneno, alionyeshwa kiti. Diski ilipokwisha kunakiliwa, Sajenti alifungua nakala na kutafuta amri alizoandika Suma Ijumaa. Kompyuta huzikumbuka zote kwa mpangilio wake. Zilikuwa amri za kawaida za kufungua na kufunga. Ya mwisho kabla ya balaa ilikuwa neno moja: fagia. Amri ya kufuta yenyewe, ile ambayo mtu mwenye nia mbaya angeiandika waziwazi, haikuwepo.

"Kwa hiyo hakufuta?" Ambakisye aliuliza.

"Amefuta. Swali ni kama alijua."

Hapa inabidi nieleze kidogo kwa wasioijua kazi hii. Anayefanya kazi kwenye lile dirisha jeusi la amri, lisilo na picha wala vitufe vya kubofya, ana faili lake la mipangilio. Jina la faili huanza na nukta, na kwa sababu ya nukta hiyo halionekani ukiorodhesha mafaili kijuujuu. Humo mtu huweka mazoea yake: rangi anazopenda, salamu ya asubuhi, na vifupisho, yaani neno moja linalotenda kazi ya maneno kumi. Ukihamia kompyuta nyingine unalibeba, na hapo unakuwa umehama na mazoea yako.

Kwetu Sumbawanga faili hilo hugawanwa, na hugawanwa kama kimea. Mama akitaka kupika pombe ya ulezi na kimea chake kimeharibika, huomba kwa jirani. Naye akiotesha chake, humrudishia jirani kidogo. Vijana wa kompyuta wanaokuja kwangu Jumamosi walishika mtindo huohuo. Ukipewa faili, unarudisha mstari mmoja wa kwako. Na mstari wa mwenzio hauutoi. Kuutoa ni sawa na kumrudishia mama wa watu kimea chake mlangoni na kusema kimeoza.

Avelina alilifungua faili la Suma. Juu kabisa palikuwa na maneno haya: *Imetungwa yote na Mzee Wilibrodi wa Kasense, mstari wa kwanza hadi wa mwisho.* Maneno hayo niliyaweka mimi. Yalikuwa yamekaa vizuri.

Akateremka hadi kwenye fagia. Akausoma mstari, akausoma tena, kisha akamwita meneja.

"Mstari huu una amri mbili. Ya kwanza: nenda kwenye folda ya migebuka, iliyo kwenye folda kuu ya mtumiaji. Ya pili: futa chochote unachokikuta."

"Hapo kuna ubaya gani?"

"Ya pili haiulizi kama ya kwanza imefanikiwa. Mwambie mtu: nenda bafuni, kisha mwaga maji yote unayoyaona. Kama nyumba haina bafu, atabaki alipo, na atamwaga mtungi wa kunywa. Suma hana folda ya migebuka. Amri ilishindwa kwenda, ikafagia palepale aliposimama."

Ambakisye alilegeza tai. "Haya. Na nani anajua hakuuandika mwenyewe? Faili ni lake. Halafu, Afande, mimi nilishampigia huyo mzee simu Jumamosi. Alisema mistari yote ni yake, ameipima, haijawahi kumdhuru hata sisimizi. Aliyepotewa na kitu akakitafute mikononi mwake. Nimeyaandika, yamo kwenye taarifa ya bodi."

Avelina alikuwa amerudi kwenye skrini.

"Suma, kwenu mnakula migebuka?"

"Sisi kwetu ndizi na maparachichi. Hao samaki wa Tanganyika nimewaona sokoni hapa, wamekauka tayari."

"Ofisi hii inahusika na samaki?"

"Ulezi na maharage tu," alisema Ambakisye. "Labda aliyeandika alikuwa na njaa."

Mtu wa tatu chumbani, Timoth, fundi wa kompyuta wa ushirika, hakucheka. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno, na baridi ile ilikuwa inamtoa jasho. Avelina akamgeuzia jicho.

"Na wewe una faili la Mzee?"

"Ninalo. Mjini hapa nani hana?"

"Fungua."

Akafungua. Rangi zilezile, salamu ileile, vifupisho vilevile kwa mpangilio uleule. Ila baada ya kifupisho cha kutafuta majina palikuwa na pengo, na fagia haikuwepo.

"Huu mstari uko wapi?"

"Haupo, Afande."

"Naona haupo. Nauliza uko wapi."

"Niliutoa."

"Lini?"

"Tangu masika."

Ambakisye aliruka kitini. "Ahaa! Kumbe alijua! Afande, huyu aliitaka kazi ya Suma, tulipomchukua Suma akanuna mwezi mzima. Amemtegea mwenzake!"

"Faili la Suma nani alimwekea?" aliuliza Avelina bila kugeuka.

Timoth akatazama chini. "Mimi. Siku yake ya kwanza kazini."

"Baada ya masika?"

"Baada."

Suma alimtazama Timoth kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kwa mpelelezi mvivu kesi ingeishia hapo: mtu mwenye kinyongo, anayejua sumu iko wapi, ndiye aliyemimina. Hata mimi niliposimuliwa hadi hapa nilisema, basi, afungwe.

Avelina alikunja daftari. "Kwa nini uliutoa?"

"Ulinilia picha. Za kipaimara cha mwanangu, zote. Niliandika fagia nikiwa kwenye folda ya picha. Mke wangu mpaka leo anajua zilikuwa kwenye simu iliyoibiwa."

"Kwa hiyo ulijua ni hatari. Ukaacha kumwambia mtu?"

"Nimwambie nani, Afande?" Sauti ilimpanda. "Niende kwa Mzee Wilibrodi nimwambie mstari wako umeoza? Yule mzee kila Jumamosi anatuambia aliutunga mwezi mzima akila viazi vitupu. Nikasema nimekosea mimi. Nikautoa kimyakimya, nikakaa nao moyoni."

"Na Suma?"

"Nilimwekea nakala kamili ya Mzee. Ningempa yangu iliyopungua angeuliza imepunguzwa na nani. Angekwenda Jumamosi, angesema mbele za watu." Akamgeukia Suma. "Dada, nisamehe. Nilijua huna tabia ya kufagia."

"Sina tabia ya kufagia!" Suma alisema. "Timoth, nimelia siku tatu, wewe unanipa pole na chapati!"

Avelina aliwaacha wamalizane, huku yeye akipima. Mwenye kutega huongeza kitu: mstari mpya, neno lililobadilishwa, herufi moja. Alilinganisha faili la Suma na nakala niliyoiweka hadharani kwa vijana wote, na hapakuwa na tofauti hata ya nafasi. Timoth hakuongeza chochote. Kosa lake lilikuwa kuogopa kupunguza.

"Huyu hakutega," alimwambia meneja. "Amekuwa mwoga tu."

"Hayo ni maneno ya Timoth. Mzee anasema mstari ni salama, na yeye ndiye mtunzi. Bodi Jumatano itamwamini nani? Kijana aliyemdanganya mkewe, au mwenye kazi yake?"

Swali lilikuwa la haki. Avelina akachukua kofia.

"Twende Kasense. Wewe pia uje, meneja. Nataka shahidi asiyempenda Suma."

Walinikuta uani, ulezi umeanikwa kwenye turubai, nami nimekaa na laptopu yangu juu ya kigoda. Jirani yangu Salome alikuwa upande wa pili wa uzio akipepeta.

"Shikamoo, mzee," alisema Sajenti.

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Kaoze."

"Kaoze! Kaoze nilivuta waya wa simu mimi. Waya uliniishia njiani, nikaendelea kwa nyuzi za buibui. Simu ilisikika vizuri, ila Sumbawanga ikinyesha, watu wa Kaoze waliposhika mkonga walilowa sikio."

"Baba hajawahi kunisimulia hilo."

"Baba yako alikuwa upande uliolowa."

Ambakisye alicheka. Avelina alikaa kwenye kiti nilichompa, akaweka daftari gotini, akaniuliza kwa upole uleule.

"Faili la mipangilio linalozunguka mjini, umelitunga wewe?"

"Lote."

"Na mstari wa fagia?"

"Huo hasa. Huo ndio ulioninyima usingizi."

"Unakwenda kwenye folda ya migebuka. Migebuka imefuata nini kwenye kompyuta ya fundi simu?"

Sikukawia. Nikamwambia kwamba nilikuwa nafuga migebuka nyuma ya nyumba, bwawani, wanene hata walikuwa wanakoroma, na folda niliiita hivyo kwa heshima yao.

"Bwawa liko wapi?"

"Walikunywa maji yote, wakahama."

Salome aliguna huko uzioni. Ambakisye alicheka tena. Sajenti hakucheka, aliandika, *walikunywa maji wakahama*, na mimi nilipoyaona yameandikwa kwa wino wa serikali nikaanza kuhisi ubaridi.

"Mstari huu unaweza kumdhuru mtu?"

"Hauwezi."

"Unajua unafanya nini?"

"Afande, mzazi anaulizwa jina la mtoto?"

Akafungua ukurasa mwingine, akanisomea maneno yangu ya Jumamosi, niliyomwambia meneja kwenye simu. Yalisomeka vibaya kuliko nilivyoyasema.

"Keshokutwa bodi itasomewa hayo," alisema. "Kama mstari hauna madhara, basi Suma alifuta kwa mikono yake na kwa nia yake. Atafukuzwa, na mimi nitalazimika kumpeleka mahakamani kwa ushahidi wako. Unayaacha yalivyo?"

Suma huniita Babu. Akitoka kwao haachi kuniletea maparachichi. Nilikuwa nalifahamu hilo wakati ule, msidhani nilikuwa silifahamu. Lakini meneja ananitazama, Salome ameacha kupepeta ili asikie vizuri, na vijana wa Jumamosi wangezipata habari kabla ya jioni.

"Nayaacha," nikasema.

"Vizuri. Basi tuonyeshe. Kwenye laptopu hiyo, folda gani unaithamini kuliko zote?"

"Ya hadithi zangu. Zote nilizoandika tangu nistaafu."

"Una nakala mahali pengine? Kwenye fleshi, kwa rafiki?"

"Fundi wa kweli hahitaji nakala."

"Simama ndani ya folda hiyo. Andika fagia."

Nikaingia. Hadithi zilijipanga skrini nzima: simba aliyeomba lifti Laela, padri aliyebatiza radi, mgomba uliozaa mtama. Nikaandika f, nikaandika a. Ukweli ni kwamba fagia sikuwahi kuitumia. Kompyuta yangu ilikuwa chafu kama stoo ya magunia.

"Mzee," alisema Avelina, "mimi sikulazimishi. Sema sasa hivi kwamba mstari huu huujui vizuri, nafunga daftari, tunakunywa chai."

"Nimeutunga mimi."

"Una uhakika?"

"Afande, unanichelewesha."

Nikamaliza neno. Nikabonyeza.

Skrini ikasema upesi kwamba hakuna folda inayoitwa migebuka. Kisha ikanyamaza. Nikaorodhesha mafaili. Hakuna. Nikaorodhesha tena, polepole, nikidhani labda yameshtuka tu.

"Zimekwenda wapi?" Ambakisye aliuliza.

"Zimefagiwa," alisema Salome kutoka uzioni.

Avelina alimgeukia meneja. "Mwenyewe anayeapa kuwa ameutunga hakujua unafanya nini, akafagia mali yake mbele yetu huku anaonywa. Suma aliyeukuta ukiwa na maelezo ya husafisha takataka, hakuonywa na mtu. Angejuaje?"

Ambakisye akaivua tai kabisa, akaikunja na kuitia mfukoni. "Nimeona mwenyewe," alisema. "Kesi hiyo haina makusudi."

"Bado moja." Sajenti alinirudia. Sasa upole ulikuwa umekwisha. "Nani alikupa mstari huu?"

Hapo nilipaswa kuwa na hadithi. Nilitafuta, sikuipata; ilikuwa imekwenda na zile nyingine.

"Eustaki," nikasema. "Karani wa mwalo wa samaki, Wampembe, kule ziwani. Nilishuka kununua samaki, akaniwekea faili lake kwenye fleshi pamoja na fungu la migebuka. Jina la juu nilibadilisha mimi. Rangi pia nilibadilisha."

"Rangi zipi?"

"Mbili. Kijani."

Akampigia Eustaki palepale, simu ikiwa imefunguliwa sauti ili meneja asikie. Upepo wa ziwa ulivuma kwenye simu, na watu walikuwa wanapiga kelele za mnada.

"Eustaki, mstari wa fagia ni wako?"

"Ni wangu, Afande. Kila jioni nikishatuma uzito wa samaki, naisafisha folda ya migebuka. Kuna tatizo?"

"Kwa asiye na folda hiyo kuna tatizo."

"Lakini nilimwambia yule mzee! Nilimwambia, kwanza tengeneza folda ya migebuka, halafu ndiyo utumie. Akasema anajua, anajua, amevuta waya mpaka Kaoze kwa nyuzi za buibui." Akashusha sauti. "Hakutengeneza?"

"Hakutengeneza," alisema Avelina, akakata.

Maelezo yangu ya Jumamosi yalifutwa, nikaandika mapya. Sajenti alinitaka niandike kwa mkono wangu kwamba faili si utunzi wangu, kwamba mstari wa fagia sikuuelewa, na kwamba bwawa la migebuka halikuwahi kuwepo. Nilijaribu kuliacha bwawa nje, nikisema halihusiani na kesi. Alisubiri. Nikaliandika. Salome alitia sahihi kama shahidi, akaomba na nakala.

Bodi ilikaa Jumatano. Suma alirudi kazini, na likizo alipewa bila kuiomba tena. Timoth alionywa kwa maandishi, kisha akatumwa kupita kompyuta moja moja mjini akiutoa mstari, mchana kweupe, na kila mwenye kompyuta akimtazama. Zikabaki kumbukumbu. Kila mkulima ana kadi yake nyumbani, na kadi zililetwa kwa magunia, zikawekwa sakafuni ofisini. Mwenyekiti wa bodi, Bibi Cornelia, mpishi wa pombe wa siku nyingi, hakuniuliza kama nina nafasi. Alisema kwetu aliyetoa kimea kibovu haombi radhi kwa mdomo. Huenda kwa aliyemharibia, akakaa kwenye jiko lake, akaotesha kingine mpaka kikubali.

Kwa hiyo sasa ninakwenda mjini kila asubuhi. Ninaingiza kadi kwenye kompyuta, jina, shamba, mbegu, msimu, na Suma amekaa kando yangu akikagua kila ninachoandika kabla hakijahifadhiwa. Ananiita Babu kama zamani, ila maparachichi anakula mbele yangu.

Jana, mchana, aliusogeza mkono wangu pembeni ya kibodi.

"Babu. Huyu wa Wampembe anayelima maharage ndani ya ziwa, umemtoa kwenye kadi au kichwani?"

Niliitazama kadi. Niliigeuza nyuma.

"Kichwani," nikasema.

"Mfute."

Nikamfuta, herufi moja moja, naye hakuondoa macho kwenye vidole vyangu.